Barua ya wazi kwa ITF, ATP na WTA: Fungeni mlango wa M15 na W15 kwa walioko juu, lakini wapeni pa kwenda

Kwa Bodi inayosimamia mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF). Kwa wakuu wa ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) na WTA (cha wanawake). Kwa Shirikisho la Tenisi Afrika (CAT). Na kwa viongozi wa vyama vya tenisi vya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

YAH: WACHEZAJI WA DARAJA LA JUU KUSHIRIKI MASHINDANO YA NGAZI ZA CHINI

Ndugu wakuu,

Tunaoandika ni makocha, waandaaji wa mashindano na waamuzi wa tenisi wa Afrika Mashariki. Tunaandika kuhusu M15 na W15, ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kulipwa ya ITF (M ni wanaume, W ni wanawake, na namba kubwa zaidi ni daraja la juu zaidi). Tunaomba mambo mawili ambayo hayafai kutenganishwa. Kwanza, kikomo cha ubora (nafasi kwenye orodha ya dunia) kinachomzuia mchezaji kujiandikisha kwenye M15 au W15 kitumike vilevile kwa kadi za mwaliko, yaani nafasi ambazo mwenyeji humpa amtakaye. Pili, kila mnapoweka kikomo, hakikisheni anayezuiwa ana shindano la kiwango chake analoweza kulifikia. Kikomo kisicho na mbadala hukwepwa, na kikikwepwa anayeumia ni yule yule mliyetaka kumlinda.

Tuanze na M15. Droo kuu ya mmoja mmoja ina watu 32: 20 wanaingia moja kwa moja kwa ubora wao, 8 wanatoka kwenye mchujo, 4 wanapewa kadi za mwaliko. Bingwa anapata pointi 15 za ATP, wa pili 8, waliotolewa nusu fainali 4 kila mmoja, waliotolewa robo fainali 2, na walioshinda mechi moja tu, 1. Aliyetolewa raundi ya kwanza hapati hata moja. Ukijumlisha zote unapata 47. Hizo ndizo pointi zote za wiki nzima, zinazogombewa na watu 32 pamoja na wote waliopambana kwenye mchujo.

Sasa mwingize mtu mmoja ambaye kwa kawaida hucheza Challenger, daraja la ATP lililo juu ya M15 na M25. Akitwaa ubingwa, karibu theluthi ya pointi zote imeondoka naye. Yeye mwenye pointi 400 kwenye akaunti yake hatazihisi sana hizo 15, lakini kijana asiye na pointi hata moja angeruka mamia ya nafasi kwa pointi hizo hizo. Upande wa wanawake hali ni ngumu zaidi kwa anayeanza, kwa sababu WTA haimwingizi mchezaji kwenye orodha mpaka apate pointi katika mashindano matatu au afikishe pointi 10.

Na ubingwa ni sehemu tu ya hasara. Wachezaji wanane wenye ubora mkubwa hupangwa mbalimbali kwenye droo ili wasikutane mapema. Mgeni akiingia anakaa namba 1, na kila aliyekuwa chini yake anashuka ngazi moja. Aliyekuwa wa nane anatoka kwenye wanane na kujiunga na wale 24 wasiopangwa, ambao wanane kati yao lazima wakutane na waliopangwa raundi ya kwanza. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na uhakika wa kutokutana na mkubwa yeyote siku ya kwanza, sasa uwezekano huo ni mmoja kwa tatu. Kama mgeni amejiandikisha kwa njia ya kawaida, wa 20 kwenye orodha anapelekwa mchujo, na wa mwisho kwenye mchujo anakuwa wa akiba. Kama ameingia kwa kadi ya mwaliko, orodha haiguswi, ila kijana mmoja wa nchi mwenyeji hachezi kabisa wiki hiyo.

Huwa tunaambiwa kwamba kukutana na mkubwa ni shule. Kwa mazoezi ni kweli, na hatuipuuzi faida hiyo. Lakini kwa hesabu ya ATP na WTA si kweli. Katika chesi, ukimfunga aliyekuzidi sana unapanda zaidi kuliko ukimfunga wa kiwango chako. Tenisi hulipa kwa raundi, haimtazami uliyemshinda. Anayemshinda mchezaji namba 170 raundi ya kwanza ya M15 anapata pointi ile ile 1 anayoipata jirani yake aliyemfunga mtu asiye na cheo. Anayefungwa na huyo namba 170 anaondoka na sifuri na dola 156 kabla ya kodi. Dola hizo hazilipi hata nauli ya ndege.

Thamani ya pointi chache huku chini ilionekana wazi mwaka 2024. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyekuwa ametwaa taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022, alishinda dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu ile ilikuwa na tiketi ya Olimpiki ya Paris kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora ifikapo Juni. Hakuwa ndani, hakwenda. Hatusemi kuna mtu aliyempora. Tunasema tu kwamba kwa mchezaji wa ukanda huu, umbali wa kufika 400 hupimwa kwa mashindano machache ya ngazi ya chini, na kila droo inayoharibika hapo ina uzito.

Kwa nini wakubwa hushuka? Si kwa ubaya, na kanuni inayowachukulia kama wahalifu itakosea. Wapo wanaorudi kutoka majeruhi na wanahitaji mechi kabla ya kukabiliana na wenzao. Wapo waliotolewa mapema kwenye shindano kubwa na wana wiki nzima bila mchezo. Kundi la tatu ndilo kubwa, na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi: wanaokimbizana na tarehe za Grand Slam (yale mashindano manne makubwa kuliko yote: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York).

Droo kuu ya Grand Slam hupokea 104 moja kwa moja kwa ubora, na orodha hufungwa wiki sita kabla. Orodha ya mchujo hufungwa baadaye, nayo ina watu 128 upande wa wanaume na 128 upande wa wanawake. Mwaka 2025, aliyefungwa mechi yake ya kwanza ya mchujo Australian Open alilipwa dola za Australia 35,000. Bingwa wa M15 hupata dola za Marekani 2,160. Mtu aliye namba 235, ambaye pointi 20 zinaweza kumwingiza kwenye mchujo wa Melbourne, ataitafuta M25 yoyote dunia nzima mwezi Novemba na Desemba, na mtu mwenye akili hamlaumu. Msukumo huo huo hurudi kabla ya Paris, kabla ya Wimbledon na kabla ya New York. Mkitaka kujua ni wiki zipi M25 na M15 zitajaa wakubwa, fungueni kalenda, tafuteni siku za mwisho za Grand Slam, kisha hesabuni wiki nne kurudi nyuma.

Kwenye ngazi ya juu tatizo hili mmeshalishughulikia, tena vizuri. ATP inawakataza waliomo kumi bora kucheza Challenger, kwa kuangalia orodha ya siku 21 kabla ya Jumatatu ya shindano, na waliomo 50 bora wana masharti yao ya ziada. Lakini hamkuishia kwenye katazo. Masters (mashindano makubwa ya ATP yanayofuata Grand Slam) ya Indian Wells, Madrid na Roma zilipokuwa za wiki mbili mbili, mwaka 2023 mkaanzisha Challenger 175 (namba ni pointi za bingwa) katika wiki ya pili, ili waliotolewa mapema wawe na pa kucheza. Mwaka huo huo Andy Murray alichukua ubingwa wa mojawapo, Aix-en-Provence, kwa kumfunga Tommy Paul, mchezaji wa ishirini bora wakati ule. Nuno Borges alishinda nyingine, ya Phoenix, mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Wakubwa walipata wakubwa wenzao, na Challenger 50 na 75 za wiki hizo zikabaki kwa wenyewe. Huku chini tunaomba mpango wa namna hiyo hiyo.

Kabla ya mapendekezo, tahadhari moja. Kila mjadala huu unapoibuka, hujitokeza mtu na wazo la kupunguza au kuondoa pointi za M15 ili wakubwa wasivutiwe. Wazo hilo lilikwisha jaribiwa. Januari 2019 ITF iliondoa pointi za ATP na WTA kwenye mashindano ya dola 15,000 na kuweka orodha yake ya pembeni. Wachezaji wengi waliamka hawamo tena kwenye orodha ya ATP, na anayeshinda chini hakuona ngazi ya kupandia. Agosti mwaka huo huo pointi zikarudishwa. Utafiti wa ITF yenyewe wa mwaka 2013 ulikuta watu kama 14,000 wakicheza mashindano ya kulipwa, karibu nusu yao bila kupata hata senti. Watu hao wana pointi tu. Msiziguse.

Sasa tunayoyapendekeza.

Kadi za mwaliko ndizo kwanza. Kikomo kilichoandikwa kwa namba moja isiyobadilika huchakaa haraka, kwa sababu ugumu wa kila wiki ni tofauti. Tunapendekeza kipimo kinachojirekebisha: mtu ambaye ubora wake ungemwingiza moja kwa moja kwenye droo kuu ya Challenger 50 ya karibuni zaidi, iwe ya wiki hiyo au ya wiki iliyotangulia, asipewe kadi ya mwaliko ya M15. Kwa wanawake, kipimo kiwe W50 dhidi ya W15. Mwamuzi mkuu ana orodha zote mbili kwenye kompyuta yake, na kuzilinganisha ni kazi ya dakika tano. Kwa kadi hizo tu, itazamwe nafasi bora kati ya mbili: ya sasa, na ya wiki 12 zilizopita. Pointi hukaa wiki 52 kisha hufutika. Aliyetwaa Challenger 100 mwaka jana hupoteza pointi 100 kwa Jumatatu moja na kuporomoka makumi ya nafasi, ilhali mkono wake ni ule ule wa Jumapili.

Wanaorejea kutoka majeruhi wawekewe mlango wao. ATP tayari ina nafasi ya ubora inayohifadhiwa kwa aliyekaa nje miezi sita au zaidi, kwa hiyo sifa ya kupimia ipo. Andre Agassi alishuka hadi Challenger za Marekani mwishoni mwa 1997 akiwa namba 141, na 1999 akawa namba 1 tena. Michezo ingekuwa maskini kama angefungiwa. Tunapendekeza nafasi moja ya kurejea katika kila M15 na W15, mtu aruhusiwe kuitumia mara mbili tu katika kipindi chake cha kurejea, na isihesabiwe ndani ya zile kadi nne za mwenyeji. Ikikosa mwenye sifa, irudi kwenye orodha ya kawaida. Ndiyo, wiki itakapotumika, wa 20 ataenda mchujo. Tumelipima hilo. Yeye atakuwa wa kwanza kwenye mchujo na uwezekano wa kupenya anao, wakati kijana anayepoteza kadi ya mwaliko kwa kawaida hana ubora wa kumwingiza hata kwenye mchujo.

Na huyo anayerejea apangwe miongoni mwa wale wanane. Tunajua wengi watashangaa, kwa sababu inaonekana kama kumpendelea, na kanuni ya sasa ya ATP hairuhusu nafasi iliyohifadhiwa kutumika kumpanga mtu. Lakini mchezaji wa mia bora aliyeachwa bila kupangwa anaangukia popote. Anaweza kukutana raundi ya kwanza na aliyepangwa namba 1, na kazi ya mwaka mzima ya huyo ikaishia Jumanne asubuhi. Anaweza pia kumwangukia kijana aliyetoka mchujo. Akipangwa, angalau wenzake saba wana uhakika wa kutomwona kabla ya robo fainali.

Kuhusu kujitoa. ITF hufunga maombi Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya shindano, na siku ya mwisho ya kujitoa bila adhabu ni Jumanne, siku 13 kabla. Katikati ya siku hizo tano, mtu mmoja anaweza kuwa kwenye orodha ya Challenger na ya M25 za wiki moja, akisubiri kuona ipi itamfaa. Hakuna kosa kikanuni. Lakini M15 nyingi za Afrika hufanyika Monastir nchini Tunisia na Sharm El Sheikh nchini Misri. Mchezaji wa Dar es Salaam au Bujumbura aliye wa sita kwenye akiba ya Monastir hawezi kukata tiketi wala kupeleka maombi ya viza mpaka Jumanne ile ipite, na anatakiwa awe pale mwisho wa wiki kabla ya shindano. Zinabaki siku kumi hivi. Wa Nice au Roma hupanda ndege keshokutwa. Tunaomba aliyekubaliwa kwenye droo kuu ya Challenger achague ndani ya saa 48 baada ya orodha kutoka, na jina lake liondolewe huku kwingine papo hapo. Kwa ATP na ITF hilo linahitaji mifumo miwili ya maombi isomane, na si zaidi ya hapo.

Kalenda ndiyo inayobeba sehemu ya pili ya ombi letu. Kigali ilianza na M25, ikapata Challenger 50 mbili mwaka 2024 kwenye viwanja vya udongo vya Ecology Tennis Club, na mwaka 2025 zikapandishwa kuwa 75 na 100. Ni hatua kubwa ambayo Rwanda inastahili pongezi. Ila Kigali ilipopanda, ngazi iliyoiacha chini haikujazwa. Anayefungwa kwenye mchujo wa Kigali akiwa ameshasafiri kutoka Argentina au Italia anatafuta shindano la karibu, na akikuta M15 tu jirani, ataingia hiyo. Usisahau pia kwamba Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Nairobi inaizidi. Mpira hukimbia, na anayetoka pwani anahitaji siku kadhaa kuuzoea. Akishauzoea anataka kukaa wiki tatu nne, si moja.

Kwa hiyo: wiki za Challenger ya Kigali, pangeni M25 na W35 Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ili mgeni awe na kiwango chake. M15 na W15 za ukanda zije wiki mbili baada ya hapo, wakati wageni wengi wameshaondoka, zikiwa na kikomo tulichokieleza. Zikifuatana tatu katika nchi jirani zinazofikika kwa basi, kijana wa Arusha anaweza kucheza zote kwa gharama ya safari moja ya Monastir. Tangu Paul Wekesa wa Kenya afike namba 100 mwaka 1995 hakuna mwingine wa ukanda huu aliyefika hapo kwa mmoja mmoja, na hatuoni atakavyopatikana kwa wiki mbili za nyumbani kwa mwaka.

Hapa tunageukia vyama vyetu. Kadi nne za mwaliko ziko mikononi mwa mwenyeji, si mikononi mwa ofisi za ITF na ATP za London wala Monaco. Kubadilishana kadi na chama cha nchi nyingine si kosa. Marekani, Australia na Ufaransa hubadilishana hata za Grand Slam. Lakini mabadilishano ya ngazi ya M15 yanampa mgeni mwenye pa kwenda nafasi ya mwenyeji asiye na pa kwenda. Kadi tatu kati ya nne ziwe za wachezaji wa nchi mwenyeji au majirani wa Afrika Mashariki, na moja ya hizo tatu igombewe uwanjani kwa shindano dogo la siku mbili, wiki moja kabla. Majina yote manne yatangazwe siku saba kabla ya droo, kila moja na sababu yake kwa sentensi moja. Mwenye kuuza au kununua kadi anavunja kanuni za kupambana na rushwa zinazosimamiwa na ITIA (shirika la kulinda uadilifu wa tenisi), na orodha iliyotangazwa mapema ndiyo kinga rahisi zaidi kwa chama chenyewe dhidi ya maneno ya pembeni.

Hatuombi mbadilishe dunia nzima kwa msimu mmoja. Chagueni M15 mbili na W15 mbili za Afrika Mashariki, mtumie kanuni hizi kwa majaribio, na mkusanye mambo manne: ubora wa kila aliyepewa kadi, waliojitoa kati ya Ijumaa ya orodha na Jumanne ya mwisho, wa akiba waliofika uwanjani kweli, na wachezaji waliopata pointi yao ya kwanza. Takwimu hizo zote mnazo tayari kwenye mifumo yenu, zinahitaji tu mtu wa kuziweka pamoja. Sisi tuko tayari kutoa waamuzi na wasimamizi wa kuzikagua bila malipo.

Tunaomba jibu la maandishi kabla kalenda ya msimu ujao haijafungwa, na nakala yake ipelekwe CAT na vyama vyote vitano tulivyovitaja juu.

Wasalaam,

Makocha, waandaaji wa mashindano na waamuzi wa tenisi wa Afrika Mashariki